Meno ya Chini Yanapotangulia ya Juu: Mtoto Apimwe Mapema, Asisubiri Meno Yote Yabadilike

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

WAZAZI wengi wanapoona kuwa meno ya mtoto hayakukaa sawa hupewa jibu moja na majirani, na mara nyingine hata na mtoa huduma: subirini kwanza meno ya utotoni yaishe kubadilika. Kwa matatizo mengi ya mpangilio wa meno jibu hilo si baya. Meno yaliyobanana, jino lililopinda kidogo au mwanya usiopendeza vinaweza kusubiri hadi mtoto afikishe miaka 12 au 13 bila hasara kubwa. Lipo, hata hivyo, tatizo moja ambalo kusubiri huko humnyima mtoto nafasi isiyorudi, nalo ni la taya la chini kutangulia mbele ya taya la juu, kiasi kwamba mtoto anapofunga kinywa, meno ya chini ndiyo yanayofunika ya juu.

Mwandishi wa makala haya analifahamu jambo hili kwa karibu. Mpwa wake alikuwa na umri wa miaka 8 wakati mama yake alipompeleka katika kituo kimoja cha huduma kwa sababu meno yake ya mbele yalikuwa yakifunga kinyume. Mama aliambiwa kuwa mtoto bado ni mdogo, amrudishe meno yote yakishabadilika. Akatii. Waliporudi, kijana akiwa na miaka 13 na sauti imeanza kuvunjika, daktari bingwa aliwaeleza kwa upole kwamba kifaa ambacho kingemfaa zaidi kilikuwa cha umri ule ule waliokuwa wameambiwa wasubiri.

Makala haya yanaeleza tatizo hilo ni nini, linatokana na nini, linatibiwaje katika kila umri, na mwananchi aanzie wapi.

Mfuniko uliopinduliwa

Katika kinywa kinachofunga vizuri, meno ya mbele ya juu hukaa nje kidogo na kufunika sehemu ndogo ya meno ya chini, kama mfuniko wa sufuria unavyozidi kidogo ukingo wa sufuria yenyewe. Kuzidi huko ni kwa milimita mbili au tatu tu, lakini ndiko kunakoyawezesha meno ya mbele kukata chakula na magego kukisaga. Mpangilio huo ukipinduka, meno ya juu hujikuta ndani na ya chini nje.

Daktari wa meno wa Marekani, Edward Angle, aliyagawa matatizo ya kufunga kwa meno katika madaraja matatu mwaka 1899, na tatizo hili akaliweka katika daraja la tatu. Mgawanyo huo bado unatumika, na mzazi atakayesoma faili la mtoto wake huenda akakuta daraja hilo limeandikwa humo kwa tarakimu za Kirumi.

Kwa macho ya mtu wa kawaida tatizo linaonekana kuwa moja, lakini kwa daktari lina sura tatu, na tofauti kati ya sura hizo ndiyo inayoamua tiba. Sura ya kwanza ni ya meno peke yake. Mataya yote mawili yana ukubwa unaofaa, ila jino moja au mawili ya juu yameota kwa kuinamia ndani na kunaswa nyuma ya meno ya chini. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Sura ya pili ni ya mwendo wa taya. Mtoto anapoanza kuuma, meno ya mbele ya juu na ya chini hugongana ncha kwa ncha, na kwa kuwa kugongana huko kunamkera, anasogeza taya mbele ili apate mahali pa kuumania. Akifanya hivyo kila siku, taya huzoea. Ukimtazama utadhani taya lake ni refu, kumbe limesogezwa tu.

Sura ya tatu ni ya mifupa. Taya la chini limekua kupita kiasi, au taya la juu limebaki dogo, au yote mawili kwa pamoja. Wananchi wengi hudhani kwamba kila mwenye tatizo hili ana taya kubwa la chini. Mara nyingi kasoro iko juu: sehemu ya uso iliyo chini ya macho na pembeni mwa pua imekaa bapa, na taya la chini, ambalo halina kosa lolote, ndilo linalolaumiwa.

Mzazi anaweza kufanya ukaguzi wa awali nyumbani. Mkalishe mtoto penye mwanga wa kutosha, mgongo ukiwa wima, mwambie ameze mate, kisha aumanishe magego. Kumeza mate kuna maana yake, kwani watoto wengi wakiambiwa "uma meno" hupeleka taya mbele wakidhani mzazi anataka kuona meno ya mbele, na mzazi akashtuka bure. Kwa vidole safi, nyanyua mdomo wa juu na ushushe wa chini, utazame ni meno yapi yaliyo nje. Kisha mwambie ajaribu kurudisha taya nyuma taratibu. Akiweza kuzigusanisha ncha za meno ya mbele, kuna dalili kwamba sehemu ya tatizo ni ya mwendo wa taya, na hiyo ni habari njema. Mtoto mchanga au wa mwaka mmoja anayechezea taya lake kwa kulisogeza huku na huko hana tatizo. Huo ni mchezo wa umri wake.

Linatokana na nini

Urithi ndio unaotangulia. Daktari atakapomwona mtoto, hatakosa kumtazama na mzazi, na pengine kuuliza habari za babu, bibi, wajomba na mashangazi. Mfano unaojulikana sana katika vitabu vya tiba ni wa ukoo wa Habsburg, uliotawala Hispania na Austria, ambao picha zake za kuchorwa zinaonyesha kidevu kilichotokeza kizazi baada ya kizazi hadi kwa Mfalme Charles wa Pili wa Hispania, aliyefariki mwaka 1700. Ukoo huo ulioana wenyewe kwa wenyewe kwa muda mrefu, na watafiti waliochunguza picha hizo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019 walipata uhusiano kati ya ukaribu wa damu wa wazazi na ukubwa wa kasoro. Hiyo haina maana kwamba kila mtoto mwenye tatizo hili wazazi wake ni ndugu. Watu wasio na undugu wowote hupata watoto wa namna hii, na katika nchi za Asia ya Mashariki tatizo limeenea zaidi kuliko sehemu nyingi za dunia.

Watoto waliozaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka wako katika kundi la kuangaliwa kwa makini. Upasuaji wa kuziba mpasuko ni wa lazima na humsaidia mtoto kula na kusema, ila kovu linalobaki linaweza kupunguza ukuaji wa taya la juu, na miaka inavyokwenda taya la chini likalipita. Mzazi wa mtoto wa aina hii asidhani kwamba kazi iliisha siku ile mshono ulipopona. Mtoto anapaswa kuendelea kuonwa hadi atakapomaliza kukua.

Kunyonya kidole, ambako mara nyingi hutajwa kama chanzo, kwa kawaida huyasukuma meno ya juu kwenda nje, yaani kinyume kabisa cha tatizo hili.

Hapa kwetu kuna jambo jingine linalostahili kusemwa waziwazi, nalo ni imani ya "meno ya plastiki". Imani hii ilianza kusikika kwa wingi nchini katika miaka ya 1980. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, ufizi wake hutazamwa, na uvimbe mweupe unaoonekana mahali chonge inapojiandaa kuota huitwa jino la plastiki, kisha huchokonolewa na kung'olewa kwa chombo kisicho safi. Kinachong'olewa ni chipukizi la jino la kweli. Mtoto huingiwa na maambukizi, hupoteza damu, na wapo waliopoteza maisha. Anayepona anaweza kukosa chonge, au chonge ya ukubwani ikaota imeharibika kwa kuwa chipukizi lake liko jirani. Kitendo hicho peke yake hakirefushi taya la chini, lakini kwa mtoto ambaye tayari ana tatizo la taya kinamwongezea la pili: meno hukaa ovyo, na daktari hukosa meno imara ya kushikizia kifaa cha tiba. Kuharisha kwa mtoto mchanga kunatibiwa kituo cha afya, na dawa yake haimo katika ufizi.

Chanzo kimoja ni cha watu wazima, na ni adimu, lakini kinahitaji haraka. Mtu aliyekwisha kukomaa akiona taya lake la chini linaanza kusogea mbele, meno yanaachana, viatu na pete vinambana, huenda ana uvimbe katika tezi iliyo chini ya ubongo unaotoa homoni ya ukuaji kupita kiasi. Huyo hahitaji nyaya za meno kwanza. Aende hospitali akachunguzwe homoni.

Madhara yanayoonekana na yasiyoonekana

Mtu mwenye tatizo hili hukata kwa shida embe, muwa au muhindi wa kuchoma kwa meno ya mbele, akalazimika kukata kwa pembeni au kutumia kisu. Pale meno yanapogongana ncha kwa ncha, ncha hizo husagika. Meno ya mbele ya chini yanaposukumwa na ya juu kila mtu anapouma, ufizi wake hushuka, mizizi ikaonekana, na meno yakaanza kulegea katika umri ambao hayakupaswa kulegea. Hilo mzazi aliangalie hasa: ufizi wa jino moja la mbele la chini ukiwa umeshuka kuliko wa jirani zake, mtoto asicheleweshwe.

Matamshi nayo huathirika. Sauti za "f" na "v" hutengenezwa kwa mdomo wa chini kugusa meno ya juu, na "s" na "z" kwa hewa kupita kwenye uwazi mwembamba kati ya ulimi na meno. Mtoto ambaye mdomo wake wa chini uko mbele ya meno ya juu hulazimika kutafuta njia nyingine ya kutamka "fedha", "vifaa" au "sauti". Wengi huipata njia hiyo wenyewe. Wasioipata huonekana shuleni kuwa wazito wa kusoma, hali akili zao hazina kasoro.

Kuna na aibu. Jamii zetu zimekuwa zikiwahukumu watoto kwa meno yao kwa muda mrefu. Katika pwani, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego na kuhesabiwa kuwa mkosi kwa wazazi wake, na zamani baadhi yao hawakuachwa waishi. Mambo hayo yamepita, lakini majina ya utani darasani hayajapita. Kijana anayefunika kinywa kwa kiganja kila anapocheka hapaswi kuambiwa kuwa anajipenda kupita kiasi anapoomba kupelekwa kwa daktari.

Pamoja na hayo, haki itendeke kwa upande wa pili. Wapo watu wazima wenye taya lililotangulia kidogo ambao hula vizuri, husema vizuri, ufizi wao ni mzima na sura yao haiwasumbui. Hao hawana ugonjwa unaowalazimisha kutibiwa, na hakuna daktari mwadilifu atakayewatisha.

Tiba inafuata umri

Ili mwananchi aelewe kwa nini umri una uzito kiasi hiki, inafaa ajue kwamba mataya mawili hayakui kwa mwendo mmoja. Taya la juu limeshikana na mifupa mingine ya uso kwa mishono ambayo utotoni bado ni laini. Inapofika miaka 10 hivi, mishono hiyo huanza kushikana kwa nguvu zaidi, na kulivuta taya la juu mbele kunakuwa kugumu. Taya la chini, kwa upande wake, huendelea kukua wakati wote wa balehe. Kwa wasichana kasi hiyo hupungua mapema. Kwa wavulana inaweza kuendelea hadi miaka 18 na zaidi. Ndiyo maana tatizo lililoonekana dogo kwa mtoto wa darasa la pili hulipuka akiwa kidato cha kwanza. Daktari ana miaka michache ya kulisaidia taya la juu, kisha inafuata miaka mingi ambayo taya la chini linaweza kulipita.

Kwa sababu hiyo, wataalamu wa mpangilio wa meno, wakiwemo wa chama chao cha Marekani, hushauri mtoto aonwe kwa mara ya kwanza asipite miaka 7. Kuonwa si lazima kuwe kutibiwa. Mara nyingi mtoto huangaliwa, kumbukumbu zake zikawekwa, akapangiwa tarehe ya kurudi.

Ikiwa tatizo ni la jino moja au mawili, tiba ni fupi: kibao cha plastiki cha kuvaa kwenye kaakaa, chenye waya mdogo unaolisukuma jino nje, au nyaya chache zinazobandikwa kwenye meno ya mbele kwa miezi michache. Jino likisharuka upande wake, mara nyingi meno ya chini yenyewe hulizuia lisirudi.

Ikiwa taya la juu limebaki nyuma, kifaa kinachotumika zaidi ni fremu ya usoni. Ndani ya kinywa hufungwa kifaa kinachoshika meno ya juu, na mara nyingine kifaa hicho kina skrubu ya kupanua kaakaa ambayo mzazi huizungusha kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Nje ya uso huwekwa fremu nyepesi yenye mto mmoja kwenye paji la uso na mwingine kwenye kidevu. Mipira midogo hutoka kwenye kifaa cha ndani hadi kwenye fremu na kulivuta taya la juu mbele. Mtoto huivaa kwa saa 12 hadi 14 kwa siku, yaani jioni akifanya kazi za shule na usiku wote, kwa muda wa miezi 6 hadi 12 au zaidi. Shuleni hahitaji kwenda nayo.

Je, inafaa kwa kiasi gani? Nchini Uingereza watoto 73 wenye umri wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, moja likapewa fremu na jingine lisipewe, kisha wakafuatiliwa kwa miaka 6. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa katika kundi lililovaa fremu, jopo la wataalamu liliona asilimia 36 wangehitaji upasuaji wa taya. Katika kundi lisilovaa, asilimia 66. Takwimu hizo zisomwe pande zote mbili. Fremu ilipunguza kwa karibu nusu idadi ya waliohitaji kisu. Lakini zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu aliyepewa fremu bado alionekana kuhitaji upasuaji. Vilevile, theluthi moja ya wasiovaa hawakuhitaji. Daktari anayemwahidi mzazi kwamba fremu itamaliza kila kitu anaahidi zaidi ya kinachojulikana, na anayesema haina maana kwa kuwa taya litakua tu anapuuza kinachojulikana.

Kikombe cha kidevu, kinacholisukuma taya la chini nyuma kwa mikanda ya kichwani, kilitumika sana zamani na bado kinatumika baadhi ya mahali. Udhaifu wake ni kwamba likiachiwa, taya la chini huelekea kuufidia ukuaji uliozuiwa.

Baada ya hapo kinakuja kipindi ambacho wazazi hukiona kuwa kigumu kuliko vyote, kwa sababu ndani yake hakifanyiki kitu. Kijana wa miaka 13 hadi 17 ambaye tatizo lake ni la mifupa kwa kawaida huachwa amalize kukua. Akipasuliwa mapema, taya la chini litaendelea kukua na kazi itaharibika. Akifungwa nyaya za kuficha tatizo halafu taya likaendelea kukua, meno yatakuwa yamelazwa upande usiofaa na itabidi kuanza upya. Daktari hupiga picha ya mionzi ya uso kwa upande, na baada ya miezi 6 hadi 12 akapiga nyingine na kuzilinganisha. Ni picha hizo zikilingana tu ndipo husema ukuaji umekwisha. Kusubiri kwa namna hii, kwenye tarehe na kipimo, ni tofauti kabisa na kule kuambiwa "mtoto bado mdogo".

Kwa mtu aliyemaliza kukua, njia ni mbili. Tatizo likiwa dogo au la kadiri, nyaya za meno zinaweza kuyalaza meno ya juu nje kidogo na ya chini ndani, pengine baada ya kung'oa meno mawili ya chini, ili yafunge vizuri. Njia hiyo hurekebisha kuuma. Kidevu kinabaki pale pale kilipo, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla ya kukubali.

Tatizo likiwa kubwa, hutumika upasuaji wa mataya. Kwanza mgonjwa hufungwa nyaya kwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu ili kila jino likae wima juu ya taya lake. Katika kipindi hiki sura huonekana kuharibika zaidi, kwa sababu meno yaliyokuwa yamejilaza kuficha tofauti ya mataya yananyooshwa na tofauti yote inajitokeza. Wapo wanaokata tamaa hapo na kuomba nyaya zitolewe, kwa kuwa hawakuelezwa mapema. Kisha, chini ya dawa ya usingizi, daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso hukata taya la juu na kulileta mbele, au hulipasua taya la chini pande zote mbili na kulirudisha nyuma, au hufanya yote mawili, na kufunga mifupa kwa vibao vidogo vya titani na skrubu. Upasuaji hufanyika kwa ndani ya kinywa, hivyo usoni kwa kawaida hakubaki kovu. Mgonjwa hula uji, supu na vyakula laini kwa wiki 6 hivi, kisha nyaya huendelea kwa miezi kadhaa ya kumalizia. Hatari zipo na mgonjwa anayo haki ya kuelezwa: kutokwa damu, maambukizi, taya kurudi kidogo lilikotoka na, katika upasuaji wa taya la chini, ganzi ya mdomo na kidevu ambayo kwa wengi hupungua kwa miezi, na kwa baadhi hubaki.

Mwananchi aanzie wapi

Hatua ya kwanza ni kliniki ya kinywa na meno iliyo karibu, ikiwemo ya hospitali ya wilaya. Tabibu au daktari wa meno aliyepo hapo huenda asiwe na fremu wala nyaya, lakini anaweza kuitambua kasoro na kuandika rufaa kwenda hospitali ya rufaa yenye daktari bingwa wa mpangilio wa meno. Madaktari bingwa wa fani hii si wengi nchini, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) ni miongoni mwa vyuo vinavyofundisha madaktari wa meno. Uchache huo ni sababu nyingine ya kuianza safari ya rufaa mtoto akiwa na miaka 7, ili hata akisubiri foleni awe bado ndani ya umri unaofaa.

Ikiwa mtoa huduma wa kwanza atasema "subirini", mzazi ana haki ya kuuliza maswali matatu: tunasubiri nini hasa, tutarudi tarehe gani, na je, bingwa ameshauriwa? Swali hilo la mwisho liulizwe kwa heshima, lakini liulizwe.

Kuhusu gharama, mzazi aulize mfuko wake wa bima kabla ya kuanza, aonyeshe maandishi ya daktari yanayotaja athari za kutafuna, matamshi na ufizi, na apate jibu kwa maandishi. Tiba hii huchukua miaka, na kuikatiza katikati ni hasara kuliko kuchelewa kuianza kwa mwezi mmoja ili fedha zipangwe. Gharama ya nauli za kliniki nayo iingizwe katika hesabu, kwani mgonjwa wa nyaya huonwa kila baada ya wiki kadhaa.

Vifaa vya plastiki vinavyouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kunyoosha taya ndani ya siku 30 viepukwe. Meno yakisukumwa bila picha ya mizizi yanaweza kulegea kabisa. Nchini, anayetibu meno hutakiwa kuwa amesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, na mwananchi asione haya kuomba kuona usajili huo.

Siku ya kwenda kliniki, nenda na picha za kawaida za mtoto za miaka iliyopita, hasa zilizopigwa kwa upande, pamoja na picha ya mzazi au ndugu mwenye taya la aina hiyo. Orodhesha meno yaliyong'oka kwa ajali na yaliyong'olewa, na kama mtoto aliwahi kutolewa "meno ya plastiki" sema bila kuficha.

Yule mpwa sasa ana miaka 18. Picha zake mbili za mwisho, zilizopigwa kwa kupishana mwaka mmoja, zimelingana, na amefungwa nyaya za kumwandaa kwa upasuaji. Taya lake linaonekana kutokeza kuliko mwaka jana, kama daktari alivyomwambia litakavyokuwa, na amejiwekea alama kwenye kalenda ya ukutani. Mdogo wake wa kike, ambaye meno yake ya mbele yalianza kufunga kinyume akiwa darasa la pili, alipelekwa kwa bingwa mwezi ule ule. Fremu yake huning'inia mchana kwenye msumari wa chandarua, na saa kumi na mbili jioni hukumbushwa na kaka yake aivae.